Mama Amesimama

Wenzangu, tuanze kwa kukiri. Nani kati yetu hajaandika shairi la kumsifu mama? Miezi tisa tumboni, uchungu, maziwa, machozi kidogo mwishoni, kwisha kazi. Mimi ninayo matatu. Baada ya kuzitazama picha tatu za Mholanzi Rineke Dijkstra, yote nimeyaweka kando.

Picha hizo ni za mwaka 1994. Julie alipigwa picha mjini Den Haag saa moja tu baada ya kujifungua. Tecla wa Amsterdam, siku moja baada ya kujifungua. Saskia wa Harderwijk, wiki moja. Leo zimo katika hazina ya jumba la Tate, London, kila moja ina zaidi ya mita moja kwenda juu.

Kila mwanamke amesimama mbele ya ukuta mtupu, kakumbatia kichanga kifuani. Hakuna kiti, hakuna maua, hakuna kanga mpya. Julie kavaa chupi na pedi, basi. Tecla damu inamchuruzika mguuni. Saskia ana alama ya kisu tumboni. Sasa wewe uliyekuja kutafuta mapenzi ya mama utauliza: jamani, yako wapi? Hakuna anayecheka. Hakuna hata mmoja anayemtazama mwanawe. Wote wanatutazama sisi.

Jibu liko mikononi. Wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi walimketisha Bikira Maria, wakamwinamisha shingo amtazame mtoto, na mapiga picha wa studio wakafuata mtindo huohuo. Dijkstra kautenganisha mwili: macho yanamlinda mtoto dhidi ya mgeni mwenye kamera, mikono inamshika. Ukiangalia vidole vinavyobana ule mgongo mdogo, utaona kwamba hili pendo halijapata hata muda wa kujipamba. Ni woga, uchovu na ushindi, vyote kwa pamoja. Na kwa kuwa mama amesimama, hatuwezi kumwonea huruma ile ya kumtazama mgonjwa kitandani. Yeye ndiye mwenye nyumba, sisi ndio tuliobisha hodi.

Kuna kichekesho kidogo. Jina la picha ya Julie lina tarehe 29 Februari 1994, na mwaka huo Februari iliishia 28! Karatasi imekosea. Mwili haukukosea.

Lakini nisijifanye nimeridhika na kila kitu. Dada yangu alipojifungua nilikwenda na kamera ya kuazima, nimejaa usanii. Akaniambia, "We mdogo wangu, ngoja kwanza nichane nywele." Nikanuna, nikaona ananiharibia ukweli. Mama akaniuliza, "Ukweli wa nani?" Swali hilo nalirudisha kwa Dijkstra. Mtu aliyetoka kwenye uchungu saa moja iliyopita, ndiyo yake ina uzito gani? Na kile kichanga, nani alikiuliza? Kwetu wapo wanaomficha mwana hadi arobaini, kwa kuogopa kijicho. Tunaweza kuwacheka, ila wanajua jambo moja: jicho linachukua kitu.

Hata hivyo, nazitetea picha hizi. Dijkstra hakuiba. Hakuchungulia mlangoni wala hakusubiri mama asinzie. Amewaweka wima, wanajua wanatazamwa, nao wanatazama. Picha ya dada yangu niliyotaka mimi ingekuwa ya wizi: nywele timutimu, macho pembeni, na jina langu chini yake. Baadaye alichana nywele, akavaa, akamshika mwanawe, akaniambia, "Haya, piga." Picha ile ipo. Kaiangalia kamera kwa macho makavu, na vidole vyake vimembana mtoto vilevile kama vya Tecla. Kuchana nywele hakukuondoa kitu.

Basi, mwandishi chipukizi, kabla hujamwita tena mama yako malaika, jiulize: katika shairi lako amesimama au umemketisha? Ana damu, ana hasira, ana neno lake? Na je, umemwomba ruhusa? Mimi shairi la nne nimeanza kuliandika. Nitamsomea dada kwanza. Akikataa, halichapwi.