Mdomo Kwanza

Sambaza wa ziwa Kivu hamsumbui mtu. Mvuvi wa Nguba, mjini Bukavu, akimshika kiganjani anajua papo hapo kichwa ni kipi na mkia ni upi, na mwanafunzi wa biolojia akimchora anazo pande zote tayari: mgongo, tumbo, kulia, kushoto. Mwanafunzi huyohuyo akiwekewa konyeza mezani, kalamu inasita.

Konyeza hana kichwa wala mgongo. Mwili wake umepangwa kuzunguka mhimili mmoja, hivyo hata ukimzungusha vipi hakuna ubavu unaoutangulia mwingine. Cha kushika ni mdomo tu. Basi wanaanatomia wakaufanya kigezo: uso wenye mdomo wakauita orali, na ule ulio kinyume chake aborali. Uamuzi mdogo, lakini una ufundi wa hali ya juu, kwa sababu hautaki kujua mnyama amelalaje.

Na ulalaji hudanganya kwelikweli. Kiti cha pweza hutambaa mdomo ukiwa chini, vijiguu vyake vikichomoza kwenye mifereji ya uso orali. Kibamba chenye vitundu vya kupitishia maji ya kuviendesha kiko juu, kwenye uso aborali. Anemoni hujishikiza mwambani kwa uso aborali, mdomo akauelekeza juu. Konyeza wa jenasi ya Cassiopea hulala chali kwenye matope ya maji mafupi. Jongoo bahari ndiye kiboko yao: mdomo uko ncha moja, mkundu ncha nyingine, na mhimili mzima umelala sambamba na sakafu ya bahari. Kwa wanyama hawa wote, anayeandika "upande wa juu" hajaeleza kitu.

Bukavu haina bahari, lakini konyeza yumo mkoani. Mto Ruzizi hutoka ziwa Kivu hapo mjini, ukashuka karibu mita 700 hadi ziwa Tanganyika, jirani na Uvira. Katika ziwa hilo huishi Limnocnida, konyeza wa maji baridi mwenye upana wa sentimita mbili hivi. Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Mwaka uliofuata akafia Katanga. Mwingereza Robert Günther ndiye aliyeeleza maumbile yake mwaka 1893.

Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Mwili wa konyeza una umbo la mwavuli, na mfafanuzi mzuri hutenganisha uso wa nje wa mwavuli huo na uso wa ndani, unakoning'inia mrija wa mdomo. Minyiri ya Limnocnida imeegemeza mizizi yake kwenye uso wa nje. Viungo vyake vya uzazi vimeuzunguka mrija wa mdomo, na kwenye mrija huohuo huchipuka konyeza wachanga. Craspedacusta, konyeza mwingine wa maji baridi aliyeelezwa mwaka 1880 kutoka kwenye birika la mayungiyungi huko London, viungo vyake vya uzazi huning'inia kwenye mifereji inayotoka katikati kwenda ukingoni. Wote wawili ni wadogo, wote karibu wanapenyeza mwanga. Asiyetaja mahali hasa atawachanganya.

Mwanabiolojia Mwingereza J. E. S. Moore alimtumia Limnocnida kudai kwamba Tanganyika ni masalia ya bahari ya kale, akachapisha kitabu kizima mwaka 1903. Dai hilo halikudumu, hasa konyeza alipopatikana pia ziwa Victoria. Maelezo ya pande za mwili, kazi isiyopigiwa makofi, bado yanatumika maabara.

Mwalimu wa Bukavu anayefundisha somo hili kwa picha za bahari za mbali afikirie njia ya Kamanyola hadi Uvira. Konyeza wa kuchora yuko huko. Na wanafunzi wakianza kumchora, awaambie waweke alama ya mdomo kabla ya mstari mwingine wowote.