Ateri Iliyolala Juu ya Neva

Asubuhi za mwezi wa Julai hapa Nakuru, upepo unaposhuka kutoka Menengai ukiwa umechukua baridi na vumbi pamoja, yuko mzee mmoja jirani yangu ambaye hatoki nje ila amejifunika nusu ya uso kwa shuka, wala si kwa kuogopa mafua, maana upepo ukimpapasa shavu la kulia humwasha maumivu mfano wa umeme, yakamshika kwa nukta chache, yakamwachia, kisha yakarudi tena kabla hajamaliza kumeza mate. Magego yake matatu yalikwisha kung'olewa upande huo, mazima yote, kabla ya kupatikana tabibu aliyemwuliza kama maumivu hayo huanza kwa kuguswa.

Maradhi yenyewe ni ya neva ya tano ya kichwa, iitwayo trijemina, ambayo ndiyo ichukuayo habari za uso mzima na kuzifikisha kwenye shina la ubongo. Dawa yake ya kwanza ni vidonge: tangu mwaka 1962, tabibu Blom wa Uswidi alipoarifu kwamba kabamazepini, ambayo ni dawa ya kifafa, huyatuliza maumivu haya, wagonjwa wengi wameishi kwa hiyo. Lakini vidonge huleta usingizi na kizunguzungu, na aghalabu miaka ikipita kipimo hupanda huku faraja ikipungua, na hapo ndipo habari ya upasuaji inapoingia.

Walter Dandy, mpasuaji wa Johns Hopkins mjini Baltimore, alikuwa akiiendea neva hii kwa njia ya nyuma ya sikio, na mwaka 1934 alitoa taarifa ya wagonjwa 215, akasema kwamba katika takriban theluthi yao alikuta ateri imeisonga neva karibu na shina la ubongo, na kwamba kwa rai yake hiyo ndiyo sababu ya maradhi. Aliiona ateri, akaitaja kuwa ndiyo mkosaji, kisha akaendelea kuikata neva. Mimi simlaumu. Mtu atazamaye kwa macho yake matupu ndani ya shimo jembamba, penye ateri nene kama uzi wa kushonea gunia na ukuta wake laini kama utando wa yai, hufanya lile ambalo mkono wake unaliweza kwa yakini, na yakini ya zama zile ilikuwa ni kukata, malipo yake yakiwa ganzi ya uso. Gardner wa Cleveland alithubutu mwaka 1959 kutangaza njia ya kuitenga ateri na neva kwa kuweka kitu katikati, lakini wachache walimfuata.

Kilichobadili mambo ni hadubini. Peter Jannetta, kijana aliyekuwa bado akijifunza upasuaji katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alikuwa akichambua neva ya tano kwa hadubini ili kuwafundisha wanafunzi wa udaktari wa meno, na kwa kuizoea hivyo katika maiti, akaja kuitazama kwa chombo hicho hicho katika watu walio hai, akaikuta ateri inapiga juu ya neva kama kidole kinachogonga mlango usiku kucha. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1967. Miaka minne baadaye alihamia Pittsburgh, na mji huo ukawa ndio chuo cha kazi hii.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mgonjwa hulazwa ubavu akiwa katika nusukaputi, na mfupa wa nyuma ya sikio hufunguliwa tundu lenye upana kama wa sarafu yetu ya shilingi ishirini, palepale kwenye kona ambapo mfereji mkubwa wa damu ulalao kimlalo hugeuka kuteremka shingoni. Kosa la upana wa ukucha hapa ni kosa kubwa, kwani tundu likiwa mbali na kona, mpasuaji hulazimika kuusukuma ubongo mdogo ili apate njia. Aliye mahiri hausukumi. Akiisha kupasua utando mgumu hungoja maji ya ubongo yatiririke taratibu, na ubongo mdogo hujishukia wenyewe, ukamwachia nafasi; na katika kungoja huko, wala si katika kisu, ndimo ulimo nusu ya ustadi wake. Neva ya kusikia iko jirani, tena haivumilii kuvutwa, kwa hiyo sikio la mgonjwa hupigiwa milio midogo muda wote, na mawimbi yanayojibu katika shina la ubongo hutazamwa kwenye mashine: wimbi likichelewa, mkono hulegezwa.

Hatimaye ateri huonekana, aghalabu ile ya juu ya ubongo mdogo, imejikunja kwapani mwa neva mahali inapotokea kwenye shina, ambapo ala yake hubadilika na kuwa dhaifu. Ateri hurefuka na kulegea kwa umri, ndiyo maana wagonjwa wengi ni watu wazima. Huinuliwa polepole, na baina yake na neva huwekwa tefloni iliyochambuliwa kama pamba ya mto. Neva haikatwi.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 1996 juu ya wagonjwa 1,185 wa Jannetta yalionyesha kwamba baada ya miaka kumi asilimia 70 hawakuwa na maumivu wala haja ya dawa. Wawili walifariki muda mfupi baada ya upasuaji, na 16 wakapoteza uwezo wa kusikia upande huo. Hata hivyo pana hoja isiyopaswa kufichwa: watu wengi wazima wa afya wana ateri zinazogusa neva hiyo, nao hawajui maumivu hayo. Kwa hiyo picha pekee si hukumu; masimulizi ya mgonjwa ndiyo yanayotangulia.

Jannetta mwenyewe alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1985 aliandika juu ya wagonjwa 53 wenye shinikizo la damu, akasema 51 kati yao walikuwa na ateri iliyosonga upande wa kushoto wa shina la ubongo, na kwamba katika 42 aliowatenganishia ateri hiyo, shinikizo liliondoka kwa 32. Madai hayo yaliamsha mjadala mrefu, lakini hayakuondoa vidonge vya presha mezani pa mtu.

Nilimweleza mzee haya yote barazani kwake, na safari ya kilomita 160 hivi hadi Nairobi kwa wapasuaji wa ubongo, akinisikiliza shuka likiwa shavuni.

"Na hiyo pamba, mwanangu," akauliza, "hutolewa lini?"

"Haitolewi, mzee. Hubaki humo."

Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama upepo wa Nairobi ni mkali kama huu wetu.