Kukaa na Moshi

Anayetaka kuupima moshi wa jikoni hana budi kukaa nao. Ndivyo walivyofanya watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen huko Mpala, Laikipia, nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990. Walichagua nyumba 55 katika ranchi, wakaweka karibu na moto kifaa kinachomulika chembe za moshi na kusoma jinsi mwanga unavyotawanyika. Kisha wakaketi: siku zaidi ya 200, saa 14 hivi kwa siku, dakika baada ya dakika.

Njia ya mkato ilikuwapo. Pima moshi, tafuta wastani wa siku, mgawie kila anayeishi humo. Wao waliandika pia nani yuko wapi na anafanya nini: nani kaingia, nani katoka kuchunga, nani kainama. Wengine watavutiwa na grafu zao. Mimi nalipenda hilo daftari, kwani liliona kisichoonwa na kifaa. Moshi haupandi sawasawa. Hufumka moto unapowashwa, kuni zinapoongezwa au kusogezwa, chungu kinapoinjikwa au kuipuliwa, chakula kinapokorogwa. Nyakati zote hizo, uso ulio juu ya moto ni wa mpishi, na mpishi ni mwanamke. Wastani wa siku ulikuwa unampunja.

Wakati huohuo muuguzi alizipitia nyumba hizo mara kwa mara, akiandika nani anakohoa, nani anapumua kwa shida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet. Moshi ukizidi, maambukizi ya njia ya hewa huzidi. Lakini ongezeko ni kali zaidi kwenye viwango vya chini, na hupoa kuanzia mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita ya ujazo. Habari chungu hiyo kwa waunda majiko: penye moshi mzito, kuupunguza nusu hakupunguzi ugonjwa nusu.

Subira ya namna hiyo imo pia katika kupima kuni, hesabu ambayo siku hizi biashara ya hewa ukaa inaitegemea. Katika jaribio la kupima jiko kwa kuchemsha maji, lita 5, mpimaji haanzi na kiberiti. Anaanza na unyevu, maana kuni mbichi hula joto lake kujikausha. Wala hadhani kila mahali maji huchemka kwa nyuzi 100; Nairobi, kwa kimo chake, hutokota karibu na 94. Yakishatokota, anavitoa vijinga upesi, anavizima, anakung'uta makaa yaliyoshikamana navyo. Kuni kwenye mizani, makaa kwenye mizani, sufuria na maji yake kwenye mizani. Halafu jiko linaachwa lipoe, na kazi inaanza upya, mara 3 kwa uchache.