Anayelipa na Anayesikia

Anayetaka kuujua ufundi wa redio hapa Bunia, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, namshauri asianze na taarifa ya habari. Aanze na komunike, yale matangazo mafupi ya kulipia yanayosomwa kila siku: fulani amefariki na matanga yapo kwa kaka yake, nyuma ya kanisa, wazazi wa shule fulani wanaitwa kikaoni, mtu ameangusha kadi yake ya uchaguzi kati ya soko na Mudzipela, atakayeiokota aipeleke redioni. Waliosomea uandishi wa habari huyaona matangazo haya kuwa kazi ya kumpa mgeni wa studio, ajizoeze mikro. Mimi nayaona kuwa kipimo cha redio nzima.

Mfiwa hufika mapokezi na karatasi aliyoiandika usiku. Huanza na sifa za marehemu, kisha vyeo vyake, kisha watoto kwa kufuata ukubwa, na mwisho kabisa, pale chini ambapo mistari imebanana, siku na mahali pa kuzika. Ndivyo uchungu unavyoandika. Mpokeaji asiyejua kazi huhesabu maneno, hutaja bei na kuipeleka karatasi studioni kama ilivyo. Anayeijua huuliza kwanza: "Pole sana, mama. Ni nani hasa asipoisikia hii mtapata shida?" Jibu huwa fupi: mdogo wake marehemu, yuko Mongbwalu kwenye dhahabu, na shemeji wa Mahagi. Hapo karatasi hupinduliwa chini juu. Majina ya hao wawili na mahali walipo hutangulia, maana mtu akisikia jina lake huacha alichoshika na kuwanyamazisha walio karibu. Ndipo huja jina la aliyefariki, halafu siku, saa na mtaa wa mazishi, halafu majina yale mawili tena kwa aliyechelewa kufungua redio. Sifa hungoja matangani, ambako wapo wa kuzisema vizuri zaidi. Kisha mpokeaji huuliza barabara ikoje, kwa kuwa tangazo la mazishi ya kesho asubuhi likisomwa leo usiku halimfai mtu ambaye lazima asubiri kuche ndipo apate motari wa kumbeba kwa pikipiki. Saa ya kulisoma ni sehemu ya tangazo lenyewe.

Mama ndiye aliyelipa, lakini kazi imepimwa kwa mtu wa Mongbwalu. Kumtumikia anayelipa kwa kumtanguliza anayesikia: huo ndio ufundi ninaousifu, na sijaona kazi ya chombo cha habari, ndogo au kubwa, iliyofaulu Ituri bila huo.

Kwa mfiwa ufundi huu ni rahisi, kwa sababu yeye mwenyewe anataka asikike. Ugumu huanza mteja anapokuwa na nembo. Tangu vita vya 2003, vilivyoleta askari wa Umoja wa Ulaya wa operesheni Artemis na baada yao mashirika ya kila aina, Bunia imekuwa mji wa wateja wakubwa. Shirika hufika na karatasi yenye ujumbe kumi muhimu, jina la mradi, jina la mfadhili, majina ya washirika wa mfadhili, na ombi kwamba yote yaingie katika spoti moja ya sekunde 45. Sekunde 45 ni maneno mia moja hivi, ukisoma bila kukimbizwa. Majina peke yake hula robo. Nasema hivi bila kuwadharau wateja; bila wao jenereta haiwaki na mtangazaji hapati chochote mwisho wa mwezi. Lakini fundi wa kweli ni yule anayeweza kukaa na mkuu wa mradi, akamwonyesha kwa upole kwamba kati ya ujumbe kumi ni mmoja tu unaoweza kubaki kichwani mwa mama anayesonga ugali, kisha wakachagua pamoja ni upi.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mikono inaanza. Redio haina ukurasa wa kurudia, kwa hiyo jambo kuu husemwa mwanzoni na husemwa tena. Mtu mmoja anayehutubia hugeuzwa kuwa majirani wawili wanaobishana, kwa kuwa watu wa hapa husikiliza ubishi hadi mwisho hata kama hawana nia ya kutii. Sauti nazo huchaguliwa kwa uangalifu ambao mgeni hawezi kuuona. Katika Ituri lafudhi inaweza kumtaja Mhema, Mlendu, Mwalur au Mbira kabla hajamaliza sentensi, na tangazo la amani lenye sauti moja tu linaweza kuchukuliwa kuwa tangazo la upande mmoja. Kilingala nacho, kwa wengi wetu, husikika kama sauti ya askari na ya Kinshasa. Kinafaa kwa baadhi ya mambo na huharibu mengine. Mwisho rekodi hupelekwa sokoni ikiwa kwenye simu, husikilizishwa akina mama wanaouza mihogo, nao huombwa waeleze wamesikia nini. Wakieleza kitu kingine, hurudiwa studioni. Hatua hii ya sokoni ndiyo wateja hukataa kuilipia.

Historia ya mji huu imeonyesha pia kinachotokea kazi inapomezwa na kusudi baya la anayeishika. Redio Candip ilianzishwa katika miaka ya 1970 chini ya ISP, chuo chetu cha ualimu, kwa ajili ya kufundisha. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yanayosema hivyo hivyo, kituo cha uhamasishaji na usambazaji wa elimu. Waliokibuni hawakutosheka kurusha masomo hewani wakatumaini. Walijenga na wasikilizaji: vilabu vya redio vijijini, watu wanakaa pamoja, wanasikiliza, wanajadili, wanarudisha maswali. Kwa lugha ya leo tungesema walisanifu kipindi na hadhira yake kwa wakati mmoja. Agosti 2002 UPC, kundi la wenye silaha la Thomas Lubanga, lilipoushika mji, redio nayo ikageuka kuwa ya wenye mji. Mtambo ule ule, watu wale wale waliozoea kuuamini. Uaminifu uliojengwa kwa masomo ya kilimo na afya ukawa unasomea amri za wenye bunduki. Nadhani ndiyo sababu wakongwe wa redio hapa, ukiwaletea kazi mpya, huuliza swali la kwanza ambalo vijana huliona la kukosa adabu: nani anatoa pesa?

Redio Okapi ilijibu swali hilo waziwazi. Ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, siku ile ile mazungumzo ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini. Wenyewe walikuwa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na Fondation Hirondelle ya Uswisi, na kusudi lilikuwa kuunganisha kwa sauti nchi iliyokatwa vipande na mistari ya vita. Kila uamuzi wa umbo lake unafuata kusudi hilo: lugha tano, yaani Kifaransa na lugha zetu nne za taifa, usomaji wa sauti tulivu, bila mbwembwe, mtu wa Bunia anasikia habari ya Kananga, wa Kananga anasikia ya Bunia. Jina nalo limechaguliwa kwa akili. Okapi ni mnyama wa msitu wetu wa Ituri, wanasayansi wa Ulaya walimtambua 1901, hapatikani porini nje ya Kongo, na hakuna kabila lolote linaloweza kumdai. Ungeitafutia redio ya amani jina la mto, la mlima au la shujaa, lazima ungemkera mtu.

Lakini kama ningetakiwa kuchagua kazi moja ya kuwaonyesha wanafunzi, ningechagua mradi ulioitwa Interactive Radio for Justice, ulioanzishwa hapa 2005 na Mmarekani Wanda Hall. Wakati huo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ilikuwa imeanza kuchunguza mauaji ya Ituri, na watu walikuwa wakisikia habari zake kama mtu anavyosikia ngurumo ya mbali. Njia rahisi ilikuwa kumpa afisa wa mahakama kipindi cha nusu saa aeleze Mkataba wa Roma ni nini. Wao walifanya kinyume. Walikwenda vijijini na mikro, wakarekodi maswali ya watu kwa sauti zao wenyewe, wakayapeleka kwa maafisa waliohusika, wa mahakama na wa serikali, na majibu yakarushwa hewani baada ya maswali. Angalia umbo hili dogo linafanya nini. Msikilizaji ndiye anayeagiza kipindi. Afisa hawezi kuhutubia anavyotaka, kwa kuwa swali la mwanakijiji limeshasikika, na kila mtu anangoja aone kama litajibiwa au litakwepwa. Mfadhili alilipia elimu ya sheria, akaipata, ila imepitia mlango wa msikilizaji.

Mahakama yenyewe ilikuja kukutana na tatizo jingine, na hapa ufundi unapata uzito ambao mbunifu wa matangazo ya sabuni hatauona kamwe. Kesi ya Lubanga ilifunguliwa La Haye tarehe 26 Januari 2009. Watu wa Bunia walikuwa na haki ya kuiona. Lakini miongoni mwa watazamaji walikuwapo jirani wa shahidi, shangazi wa shahidi, na watu waliotaka kujua shahidi ni nani kwa nia isiyo njema. Kwa hiyo picha zilipitia ucheleweshaji wa dakika 30 ili kilichotamkwa kwa bahati mbaya kifutwe kabla hakijatoka. Nyuso zilifichwa, sauti zikabadilishwa, na vijijini ulipelekwa muhtasari wa picha na sauti badala ya siku nzima za mabishano ya mawakili. Hadhira ilikuwa ile ile ya kuelimishwa na ya kuogopwa. Hukumu ilipotoka tarehe 14 Machi 2012, ya kumtia Lubanga hatiani kwa kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, wengi waliipokea kwa njia hiyo.

Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa UPC hiyo hiyo, majaji walipendekeza hotuba za ufunguzi zitolewe Bunia hapa hapa. Uongozi wa mahakama ukakataa Juni 2015, kesi ikafunguliwa La Haye Septemba. Usalama na gharama ni sababu zinazoeleweka. Bado naona kwamba nafasi ilipotea: hakuna muhtasari, hata uwe mzuri namna gani, unaofanya kazi ya jaji kuketi katika mji ambao watu wake waliuawa.

Ebola ilitufundisha la mwisho, kwamba kusudi linaweza kubadilika wakati bango bado liko ukutani. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu Kaskazini, ukaingia Ituri, na hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 walikuwa wameugua watu 3,470 na kufa 2,287. Mwanzoni ujumbe ulijaa hofu: ugonjwa huu unaua, hauna dawa. Msikilizaji mwenye akili alijiuliza, kama hauna dawa, niende kituoni kufanya nini? Akabaki nyumbani, akauguzwa na mama yake, na mama akaambukizwa. Kisha tarehe 12 Agosti 2019 Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wakatangaza matokeo ya jaribio la dawa nne: mbili kati yake zilikuwa zinaokoa maisha, hasa ya wanaofika mapema. Kusudi likageuka siku hiyo. Badala ya kuogopesha, kukimbiza: homa ikianza, nenda leo. Studio zililazimika kuandika upya kila kitu, na sauti iliyofaa zaidi ikawa ya aliyepona, si ya daktari. Shirika la Translators without Borders nalo, lilipowauliza watu wa mashariki mwa Kongo wakati huo, lilikuta kwamba Kifaransa na Kiswahili cha vitabuni haviwafikii wengi, na kwamba walitaka maelezo ya kina, ila kwa Kiswahili wanachozungumza wenyewe. Mpokeaji wa komunike angeweza kuwaambia hilo bure, lakini mpokeaji haalikwi kwenye mikutano.

Kwa hiyo wewe unayekuja studioni na karatasi ya shirika lako, naomba mambo mawili. Weka katika bajeti siku ya kuipeleka rekodi Nizi au Komanda watu waisikilize kabla haijarushwa, na siku ya pili ya kuirekebisha baada ya kuwasikia. Na fundi akilisogeza jina la shirika lako hadi mwisho wa spoti, mlipe kamili.