Zege Lisubiri
Napanga kwenda Zeitz MOCAA, Cape Town. Viza si shida tena. Tangu 2023 Mkenya hahitaji viza kutembelea Afrika Kusini hadi siku 90. Shida ni nauli, na swali linalonikereketa.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la nafaka. Thomas Heatherwick akalichonga upya, likafunguliwa 2017, na watu wakabaki kusifu zege. Sanaa je? Mkusanyiko ulioanzisha jumba ni wa Jochen Zeitz, Mjerumani, na sehemu yake iliwahi kuwekwa Segera, hapa hapa Laikipia. Ebu fikiria: kazi za Waafrika zilikuwa jirani, sasa tunazifuata kwa ndege.

Hata hivyo nitaenda. Koyo Kouoh, Mkameruni aliyeliongoza kuanzia 2019 hadi alipofariki 2025, alituonyesha kwamba mwenye mkusanyiko si lazima awe mwenye kauli. Maonyesho yake ya 2022, When We See Us, yalikusanya karne nzima ya wachoraji Weusi wakijichora: wakipumzika, wakisherehekea, wakipendana. Mateso hayakuwa ndiyo habari kuu.

Kwa hivyo nikifika ukumbini, simu itabaki mfukoni. Napanda moja kwa moja hadi kwenye picha. Zege lisubiri.