Waliojua Kumuuliza Bi Kaje

Mombasa ya mwanzo wa miaka ya 1970 ilikuwa mji wa watu karibu robo milioni. Ulikuwa na bandari na reli, lakini mitaa ya Mji wa Kale ilikuwa bado inajuana. Ukiuliza Kibokoni habari za mwanamke anayeongoza ngoma ya lelemama, mtoto wa pale angekushika mkono hadi mlangoni. Margaret Strobel, mwanahistoria Mmarekani, alipita katika milango ya namna hiyo. Baadaye yeye na Sarah Mirza, mwenyeji wa Mombasa, walitoa kitabu cha maisha ya wanawake watatu waliojisimulia wenyewe: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Toleo la Kiingereza lilitoka 1989 na la Kiswahili 1991. Nimekisoma na kukirudia, na kila nikikirudia navutwa zaidi na mkono wa wale waliouliza.

Mkono huo hauonekani upesi. Anayehoji vizuri hufutika, akabaki mzee anasema. Ndiyo maana kazi hii husifiwa kidogo: msomaji hudhani bibi alikuwa msemaji tu, basi maneno yakamwagika. Hayamwagiki. Pwani, mgeni ndiye huhojiwa kwanza. Wewe ni mtoto wa nani? Umefikia kwa nani? Nani kakuleta huku? Una watoto? Mwenye haraka huona anapotezewa wakati. Mwenye ujuzi hujibu moja baada ya jingine, hunywa kahawa yake, huuliza hali za wagonjwa wa nyumba ile, na pengine huaga siku hiyo bila kugusa kinasa sauti. Anajua kwamba mzee anapima kama maneno yake yatatunzwa au yatatapanywa.

Kisha huja swali lenyewe, na hapa ndipo ufundi ulipo hasa. Mwulize mzee wa mjini, "Utumwa ulikuwaje?" atakupa jibu la hadhara, lile linalosemwa mbele ya wageni. Mwulize nani alipika nyumbani kwenu, nani alichota maji, nani alimsinga bibi arusi, nani alikula kwanza na nani alingoja, na utumwa utauona bila kuutaja. Vivyo hivyo kwa tarehe. Mwaka kwa wengi wa kizazi kile ulikuwa namba ya ofisini. Wao walihesabu kwa ndoa, vita, njaa na vifo. Mwulizaji mzuri huuliza, "Wakati huo ulikuwa umeshavunja ungo?" au "Mumeo wa kwanza alikuwa hai?" kisha kazi ya kutafuta mwaka huifanya mwenyewe usiku, bila kumsumbua mtu.

Kitu kinachonifanya nikiheshimu kitabu hiki kuliko vingi vya aina yake ni uamuzi wa kuwaweka Bi Kaje na Mishi ndani ya jalada moja. Bi Kaje alitoka katika ukoo wa kale wa Waswahili wa Mombasa, watu waliowahi kumiliki watumwa. Mishi alitoka katika kizazi cha watumwa. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kwa sheria mwaka 1907, lakini sheria haikufuta yaliyojulikana kuhusu nani ni nani, nani ataozwa kwa nani, na nani atakaa wapi kwenye mkeka wa arusi. Miji mingi ya pwani ina mazungumzo haya mawili, na mara nyingi huyaweka mbali, kila moja uani kwake. Ni rahisi mwandishi kuchagua upande. Ni rahisi pia kugeuza kila kitu kuwa hukumu, akamkatiza Bi Kaje kila anapozungumzia watumwa wa nyumbani kama jamaa. Wahariri hawa walimwacha aseme, wakamwacha Mishi naye aseme, kila mmoja kwa fahari yake. Msomaji anayetoka simulizi moja akaingia nyingine hubaki na mji mzima mkononi, pamoja na nyufa zake. Kuvumilia hivyo si kukosa msimamo. Naona ni msimamo mgumu kuliko kukemea.

Wanawake hawa walikuwa na nguvu mjini ambayo haikuandikwa katika daftari la serikali. Lelemama ilikuwa vyama vyenye viongozi, vyeo na sare, vyama vilivyoshindana hadharani na kurushiana nyimbo za mafumbo. Makungwi walikuwa na elimu yao ya kufunda wari. Shamsa, mdogo wa wote watatu, alijulikana kwa kazi zake katika vyama vya wanawake Waislamu. Anayetaka viongozi wa mji akaishia kwa mkuu wa wilaya na wazee wa baraza amesikia nusu ya mji tu.

Kuna kazi nyingine baada ya utepe kusimama. Saa moja ya sauti huweza kula siku nzima ya kuandika, na kazi hiyo haifanywi na mtu yeyote tu. Lazima awe anayejua majina ya vichochoro, nasaba, methali iliyokatwa katikati kwa sababu kila mtu wa pale anajua mwisho wake. Mwenyeji kama Mirza hasikii kelele pale mgeni anaposikia kelele. Na kuamua kukitoa kitabu kwa Kiswahili, ili wajukuu wa wasimuliaji waweze kukisoma kwa lugha yao, nakuona ni sehemu ya ufundi uleule.

Tulikwisha kuwa na mwalimu wa kazi hii nyumbani. Shaaban Robert wa Tanga alimfuata Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye sauti yake ilinaswa kwenye santuri Bombay mwaka 1928. Alizungumza naye siku za mwisho wa maisha ya Siti, kabla ya kifo cha bibi huyo mwaka 1950, na *Wasifu wa Siti binti Saad* ukazaliwa. Humo sauti inayotawala ni ya Shaaban Robert, mwenye nasaha na lugha iliyopambwa. Naipenda. Lakini ninapotaka kumsikia mtu anavuta pumzi kati ya neno na neno, nakwenda Mombasa.

Leo vinasa sauti vimo katika kila simu, na redio za mjini humkaribisha mzee studio kwa dakika kumi, tangazo likamkata katikati. Waliokuwa watoto wakati Bi Kaje anasimulia ndio wazee wa sasa. Yuko mama aliyeuza mahamri Makadara hadi magoti yakagoma. Yuko kuli wa bandarini aliyeona makontena yakichukua kazi ya mabega. Yuko mwalimu wa chuo cha Kurani aliyefundisha baba, mwana na mjukuu. Ningependa mtu akae kwa yule kuli mchana mmoja, asimuulize maoni yake juu ya maendeleo, amuulize gunia la kahawa lilibebwaje, nani alipanga zamu, na nani aliachwa getini siku ambayo meli zilikuwa chache.