Kisasi Kisicho na Baraza: Uhakiki wa Tamthilia ya Dragon's Dogma

Tamthilia ya katuni ya Kijapani iitwayo Dragon's Dogma ilianza kuonyeshwa na Netflix tarehe 17 Septemba 2020. Ina sehemu saba tu, na mtu akiamua huimaliza kwa jioni moja. Imetokana na mchezo wa video wa kampuni ya Capcom uliotoka mwaka 2012, mchezo wa aina ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, humpa jina na sura, kisha huzunguka naye katika nchi ya majoka na mazimwi. Ninaihakiki kwa sababu mbili. Wengi wetu hapa Kigali tunazungumza kuhusu anime usiku kucha, lakini tukishika kalamu tunarudi palepale kwenye vitabu vya mtaala. Tena kisa chake ni cha mtu aliyeuliwa familia akaamua kulipiza, na sioni namna mwanafunzi anayeishi Rwanda anaweza kukitazama kama kisa cha majoka peke yake.

Ethan anaishi katika kijiji cha Cassardis pamoja na mkewe mjamzito, Olivia. Joka linashuka na kukiteketeza kijiji. Olivia anakufa. Ethan anajitupa mbele ya joka, nalo linamng'oa moyo. Hafi. Anaamka akiwa na kovu kifuani, amekuwa yule anayeitwa Aliyefufuka, ambaye kazi yake ni kulifuata joka lililomwibia moyo. Ndipo anapotokea msichana mwenye umbo la binadamu asiye na hisia wala hiari, mmoja wa viumbe wanaoitwa kwa jina la kete ndogo ya sataranji. Ethan anampa jina Hannah, na safari inaanza.

Muundo wake ni rahisi kuushika. Kila sehemu imepewa jina la mojawapo ya dhambi saba za mauti, kuanzia Hasira hadi Kiburi. Mwanzoni nilidhani mpangilio huu ungesaidia, lakini unawafunga wahusika. Ukishasoma kichwa cha sehemu, unajua atakayeingia ni nani na atatokaje. Katika ile ya Ulafi tunakuta kijiji kinachotoa watu kwa zimwi la jicho moja, huku mkubwa wao akiendelea kula. Nilimkumbuka Ngunda, mlafi wa hadithi za Kinyarwanda. Ngunda anakula kupita kiasi lakini pia analima kupita kiasi, na msikilizaji anamcheka na kumhusudu kwa wakati mmoja. Mlafi wa tamthilia hii hana upande wa pili. Ameletwa ili ahukumiwe. Kuhusu picha sitasema mengi: zimechorwa kwa kompyuta, mazimwi yanapendeza yanapokimbia, ila nyuso za watu ni ngumu kama za sanamu za dukani, hasa mahali ambapo mtu anapaswa kulia.

Ugumu mkubwa uko katika uhawilishaji wenyewe. Mchezo unamwachia mchezaji achague. Karibu na mwisho, joka linamwekea mpango: umpendaye atolewe kafara, nawe utaachwa hai na kupata utawala, au upigane. Mchezaji anakaa na swali hilo mkononi. Mtazamaji wa tamthilia hana la kushika. Waliowahi kucheza igisoro, au bao kama wanavyoliita wenzetu wa pwani, wanajua tofauti ya kushika kete na kusimama nyuma ya anayezishika. Aliyesimama anaweza kuona vizuri zaidi, lakini hatapoteza chochote. Waandaaji walipaswa kutafuta kitu cha kuziba pengo hilo, na naamini walikipata kwa Hannah.

Katika mchezo, viumbe wa aina yake ni wasaidizi. Wanabeba mizigo, wanapiga kelele adui akikaribia, wanaazimwa na wachezaji wengine kupitia intaneti. Tamthilia imemchukua msaidizi huyo ikamfanya kipimo. Kadiri safari inavyosonga, yeye asiye na moyo anaanza kuuliza maswali: kwa nini watu hulia, kwa nini Ethan anazidi kuwa mkali. Ethan naye, ambaye kila mtu alimjua kwa upole, anapungua. Huruma inamtoka sehemu baada ya sehemu, na mtu wa kwanza kuona ni yule aliyeumbwa bila macho ya kuona mambo hayo. Hawapewi hotuba ndefu. Mara nyingi Hannah anamtazama tu baada ya vita, halafu wanaendelea na njia. Nimesoma riwaya nyingi za Kiswahili zinazotangaza badiliko la mhusika kwa aya nzima ya maelezo, na ningependa waandishi wake waone namna linavyofanyika hapa kwa kimya.

Mwishoni Ethan anapigana na joka na kuliua, naye anageuka kuwa joka. Joka la kwanza pia lilikuwa mtu kama yeye. Watazamaji wengi huupenda mwisho huu kwa sababu unauma. Mimi haukuniridhisha, na aliyenionyesha sababu ni mwenzangu tunayepanga naye chumba hapa Kibagabaga. Yeye si mpenzi wa anime, alikuwa anapasi nguo huku kompyuta imewekwa juu ya kitanda. Tulipofika sehemu ya tano akauliza, "Lakini wazee wa huko wako wapi?"

Nilijibu kwamba ni hadithi ya majoka. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Ukiirudia tamthilia na swali hilo, utaona kwamba hakuna mahali Ethan anapoweza kupeleka shauri lake. Kila kiongozi tunayekutana naye ni mnafiki au mwoga. Hakuna majirani wanaokaa naye matanga, hakuna anayemwambia asubiri. Hata Fumo Liyongo, ambaye hakuna shujaa mpweke kuliko yeye katika tenzi tulizosoma, ana mji unaomzunguka: anapokufa amepiga goti kisimani na upinde mkononi, watu wanakosa maji kwa kumwogopa. Kifo chake ni jambo la mji. Msiba wa Ethan ni wake peke yake.

Hapa ndipo ninapoisoma kama mtu wa nchi hii. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, waliobaki walikuwa na kila sababu ambayo Ethan anayo. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili mbele ya inyangamugayo, yaani watu waadilifu waliochaguliwa na wakazi wenzao. Zimesifiwa na zimelaumiwa, na sina nafasi ya kulimaliza shauri hilo hapa. Ninachotaka kusema ni cha kihakiki: watu walikaa kwenye nyasi, mwenye kuuliwa wake na mwenye kuua, mbele ya majirani, na neno likasemwa hadharani. Tamthilia inayodai kuchunguza kisasi halafu inaufuta uwanja huo wote tangu mwanzo haijathibitisha kwamba kisasi humgeuza mtu kuwa joka. Imemwondolea njia nyingine zote, kisha ikamlaumu kwa kupita ile iliyobaki.

Mtu anaweza kunijibu kwamba naidai hadithi ya njozi mambo ya mahakama. Lakini mchezo wenyewe ulikuwa na mlango wa kuingilia. Ndani yake yumo Duke Edmun, mtawala anayesifiwa kwa kulishinda joka zamani. Ukweli wake ni kwamba alikubali ule mpango: alimtoa aliyempenda, akapata utawala, na nchi nzima inaishi chini ya uongo huo bila kujua. Msiba wa mtu mmoja unakuwa swali la utawala na la ukweli unaofichwa na wakubwa. Tamthilia ilikuwa na sehemu saba na haikumpa hata moja. Ningekubali kuipoteza ile ya Uvivu, na ile ya Ulafi pia, ili nimwone Ethan amesimama mbele ya Edmun, na Hannah kando yake akimuuliza yule mzee swali moja la aina yake.